Bitana ya Zambarau

Fundi wetu wa cherehani tulimwita Bitana, na jina hilo alilipata kwa ubishi wake mwenyewe. Mafundi wengine wa mtaa wakishona gauni, ndani huacha nyuzi zikining'inia ovyo, maana nani atachungulia ndani ya nguo ya mwenzake? Yeye hapana. Kila mshono wa ndani aliukunja, akaufunika, akaupitia kwa sindano ya mkono, na nguo ikihitaji bitana aliikata kwa uangalifu ule ule aliokatia kitambaa cha juu. Wateja walilalamika kwamba anawachelewesha. Yeye aliwajibu kwamba mwenye nguo huliona la ndani kila siku anapovaa na kuvua, na huyo ndiye aliyemshonea, si wapita njia. Gauni lake ungeweza kuligeuza nje-ndani ukaenda nalo mjini, na watu wangekuuliza fundi wako ni nani.

Mimi ni mpiga pasi. Meza yangu iko kwenye baraza ile ile, hatua chache kutoka kwenye cherehani yake, na nguo alizomaliza zilipita kwangu kabla hazijamfikia mwenyewe. Kwa hiyo nikisema kuhusu mishono ya Bitana sitii chumvi. Nimezipiga pasi nguo za mji huu juu na chini, na najua nani ni fundi na nani anabahatisha.

Habari zake za nyumbani nazo nilizijua, ingawa sikuzitafuta. Simu yake iliwahi kudondoka kwenye ndoo ya maji, na tangu hapo haikutoa sauti sikioni, ila kwa spika tu. Fundi wa simu alimwambia anunue nyingine. Yeye akasema hii bado inaongea. Ndiyo, iliongea, tena iliongea na baraza nzima. Kila Jumapili jioni binti yake alipopiga kutoka ng'ambo, mimi na pasi yangu tulisikiliza, na kinyozi wa mlango wa tatu akizima mashine yake alisikiliza pia.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikwenda ng'ambo kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akaolewa huko, akazaa msichana ambaye bibi yake hajawahi kumpakata. Mwanzoni simu zilikuwa ndefu, mpaka chai ya Bitana ikapoa kikombeni. Baadaye zikafupika. Kila mara kulikuwa na mtu anayemwita binti kutoka nyuma, au mlango unaogongwa, au zamu inayoanza. Mimi nilikuwa na maneno yangu kuhusu mtu anayewaogesha na kuwalisha wazazi wa watu huku mama yake akila mkate mkavu mbele ya cherehani. Lakini niliyameza. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sikuulizwa.

Sasa mwaka huo yakaja mashindano makubwa ya magari, yale ambayo hufanyika kwenye uwanja wa mbio nje ya mji na kuleta wageni wengi hadi hoteli zikafurika. Dereva mmoja wa hoteli alimletea Bitana koti lililokatika zipu, akalipata siku hiyo hiyo, na kwa shukrani akampa tiketi yake ya kuingilia uwanjani. Yeye mwenyewe angekuwa kazini akisafirisha wageni. Bitana aliishika ile tiketi kwa ncha za vidole kana kwamba ina mafuta. Alimwambia dereva kwamba yeye na magari ni kama mbuzi na gitaa. Dereva akacheka, akamwachia.

Jumapili ile akamsimulia binti yake kama kichekesho. Binti akacheka pia, akasema mume wake huwa hakosi kutazama mbio hizo, na kwamba zitaonyeshwa moja kwa moja kila mahali duniani. Kisha akasema maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

"Nenda bwana, mama. Vaa kitu cha kung'aa, sisi tutakuwa tunakutazama. Mtoto atamwona bibi yake kwenye televisheni."

Mtu akamwita kutoka nyuma, akaaga, simu ikakatika. Kwangu mimi yalikuwa maneno ya kuagia, kama mtu anavyosema karibu chakula huku anafunga sufuria. Lakini Bitana aliweka mkasi chini. Alikaa akiitazama barabara, halafu akaniuliza kama nadhani mtoto wa umri ule anaweza kumtambua mtu kwenye televisheni. Nikamwambia watoto wa siku hizi wanatambua kila kitu. Hakuniuliza lingine.

Kuanzia siku hiyo hakuwa na habari na magari wala madereva wala nani atashinda. Alikuwa na habari moja tu, namna ya kuonekana. Alifikiri mpaka akakumbuka wale wanaotengeneza barabara, jinsi wanavyovaa njano ili magari yasiwagonge, akaona hiyo ndiyo rangi. Akaenda kwenye duka la vitambaa akakuta njano imepangwa mbele kabisa, marobota kwa marobota, akaichukua kama bahati yake. Muuza vitambaa alimkatia huku akimwambia bingwa atafurahi. Bitana akamjibu kwamba yeye hana bingwa, ana mjukuu. Muuza vitambaa akacheka, akidhani ametaniwa, na Bitana akatoka bila kuuliza kilichomchekesha. Laiti angeuliza.

Gauni lile alilishona kama ambavyo hajawahi kushona nguo nyingine yoyote. Lilikuwa la kuvaliwa kwa kupitishwa kichwani, pana, lenye mikono mirefu ili mkono ukiinuliwa njano ionekane mpaka kwenye kiganja, na mifuko miwili ubavuni kwa ajili ya leso na nauli. Ndani akalitia bitana ya zambarau, hariri iliyobaki alipowashonea watu mapazia ya ukumbi. Nikamwuliza zambarau ya nini na nani ataiona. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema nimekaa naye baraza moja miaka yote hiyo na bado nauliza swali hilo.

Lilipokwisha alimtumia binti ujumbe wa sauti. Aliurudia mara kadhaa kwa sababu malori yalikuwa yanapita. Alimwambia asihangaike kutafuta uso, atafute gauni la njano. Binti akajibu kwa picha ya kidole gumba. Bitana alinionyesha kile kidole, akataka nikubali kwamba ni kizuri. Nikakubali.

Siku ya mashindano alipita kwenye baraza asubuhi ili nimwone. Akajizungusha mbele ya meza yangu, mwanamke mtu mzima, na magoti yake mabovu. Nikamwambia hata kipofu atamwona. Akasema hao vipofu hawahitaji, anamhitaji binti yake. Akaenda zake kupanda basi la uwanjani, na njano yake ikaonekana barabarani mpaka alipokata kona.

Mchana nilikwenda kwa kinyozi, kwa sababu ndiye mwenye televisheni. Kinyozi wetu ni mtu wa magari kufa kupona, na siku ya mbio hamruhusu mtu kukaa kwenye kiti chake bila kunyolewa. Nikakubali kunyolewa, ingawa nywele zangu hazikuwa zimefika popote. Nikamweleza kwamba natazama ili nimwone Bitana, ambaye amevaa njano. Mashine ikasimama katikati ya kichwa changu. Aliniuliza kama kweli sijui rangi ya timu ya bingwa mwaka huu. Kisha akanyoosha kidole kwenye televisheni.

Majukwaa yote yalikuwa ya njano. Kofia za njano, fulana za njano, bendera za njano, watu wamejipaka njano mpaka masikioni. Watu walionunua njano ya muuza vitambaa walikuwa wamekaa pale, na Bitana wetu alikuwa mahali fulani katikati yao. Kinyozi akasema kwa utani kwamba nitamtafuta hadi kesho, halafu alipoona uso wangu akaendelea kuninyoa.

Yale ya uwanjani nayajua kwa sababu alinisimulia mwenyewe baadaye, si kwa siku moja, kidogo kidogo, huku akitia uzi kwenye sindano na bila kunitazama.

Alisema alipopanda ngazi za jukwaa na kuona ile njano yote, kwanza alifikiri amekosea mahali, labda ni mkutano wa watu fulani. Kisha vijana wakamwona wakaanza kushangilia. Wakampigia makofi, wakamwita mama wa bingwa, mmoja akamkumbatia, mwingine akamvisha kofia. Alisema hakuwahi kukumbatiwa na watu wengi hivyo kwa siku moja, na hakuwahi kujiona yuko peke yake kama siku hiyo. Walikuwa wanalikumbatia gauni. Magari yalipoanza walimwacha, wakageukia barabara, na hakuna aliyemtazama tena.

Kelele zilimtisha. Alisema kila gari lilipita kama mtu anayechana kitambaa kipya cha marekani kutoka pindo hadi pindo, na kabla hujajua ni gari gani, lingine limeshafika. Alijiziba masikio kwa vipande vya kitambaa alivyovikuta kwenye mkoba, maana mkoba wa fundi haukosi vipande. Hakujua nani yuko mbele wala nani yuko nyuma. Watu waliposimama alisimama, walipokaa alikaa. Kulia kwake mume na mke walikuwa wanagawana karanga, wakinong'onezana kila gari lilipopita. Kushoto baba alikuwa amembeba mtoto mabegani. Alitamani mtu amwulize hata kitu cha kipuuzi, saa ngapi, au anatoka mtaa gani. Hakuna aliyemwuliza.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na skrini kubwa, inayoonyesha kile kile kinachoonekana majumbani. Kila kamera ilipopita kwenye umati alipunga mkono na kujitafuta kwenye skrini. Alikuwa anajua alipokaa, chini ya nguzo yenye spika, na bado hakujiona. Njano ilikuwa imemmeza. Hapo ndipo alipomfikiria mjukuu amekaa kwenye mapaja ya mama yake mbele ya televisheni, anaulizwa bibi yuko wapi, naye anaonyesha kidole huku na huku, kila mtu ni bibi. Alisema wazo hilo lilimchoma kuliko alivyotarajia. Alikuwa ameahidi kitu kimoja tu, kwamba atakuwa rahisi kupatikana.

Akashuka kwenda chooni. Foleni ilikuwa ndefu na mlango haukuwa na kitasa, ikabidi auzuie kwa mguu. Akalivua gauni, akaligeuza nje-ndani, akalivaa tena. Zambarau ikatoka yote, laini, mishono imefunikwa sawasawa, hakuna uzi uliochungulia. Shida ilikuwa mifuko. Fundi anaweza kufikiria kila kitu akasahau kwamba gauni likigeuzwa mifuko yake hutoka nje, na ile miwili ilining'inia ubavuni kama masikio ya mbwa. Lakini Bitana hatoki bila sindano kwenye kilemba. Akasimama pale pale, mguu mmoja kwenye mlango na watu wanagonga, akaishona mifuko ibaki bapa. Alipotoka mwanamke mmoja kwenye sinki alimnong'oneza kwa wema kwamba amevaa nje-ndani. Akamwambia asante, ndivyo alivyokusudia.

Aliporudi jukwaani wale vijana walimtazama kwa mashaka. Mmoja alimwuliza kama amehamia timu nyingine, na kiti chake kilikuwa kimeshawekewa mabegi. Ile kofia akairudisha. Akasimama kwenye ngazi, karibu na ile nguzo, na hapakuwa na zambarau nyingine upande wote ule wa uwanja.

Kisha magari mawili yakagongana. Hakuna aliyeumia, kinyozi alituhakikishia hilo mara moja, lakini vipande vilitapakaa barabarani na yale magari mengine yote yakapangwa nyuma ya gari moja la usalama, yakawa yanakwenda taratibu kama msafara wa wageni. Hapo wapiga picha hawakuwa na la kuonyesha. Kamera zikaanza kuzurura kwenye majukwaa.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Njano, njano, njano, halafu nukta ya zambarau. Kamera ikapita, ikarudi, kama mtu aliyeona kitu akageuka. Ikasogea. Ilikuwa mwanamke amesimama kwenye ngazi anapunga mikono yote miwili, anaiinua pamoja na kuishusha pamoja, kwa nguvu. Nikasema yule pale. Kinyozi akaniambia nitulie nitakatwa, na kwamba mimi mwenyewe nilisema njano. Nikamwambia mtu anayekung'uta kitambaa kila asubuhi mbele ya macho yangu kabla hajakikata, siwezi kuukosea mkono wake, awe amevaa njano au gunia. Wateja wote mle ndani wakanicheka. Lakini picha ikaendelea kusogea mpaka uso wake ukaijaza televisheni, kilemba kimekaa upande, mdomo wazi, anasema neno ambalo hatukulisikia. Vicheko vikakoma. Kinyozi akapiga makofi. Mimi macho yalinilowa, na sikuona haya.

Naye alijiona kwenye skrini kubwa. Alisema kwanza hakujijua, aliona bibi mmoja amevaa zambarau, akasema moyoni kwamba bitana ile imekatwa vizuri. Kisha yule bibi akainua mikono pamoja naye. Watu waliokuwa karibu wakamgeukia, hata wale vijana, na yule mtoto wa mabegani akampungia. Neno alilokuwa anasema ni jina la kipenzi alilomwita binti yake utotoni. Baada ya hapo hakungoja mshindi. Alitoka uwanjani magari bado yanazunguka, akapanda basi tupu, akarudi nyumbani amekaa peke yake kwenye kiti cha mbele, na zambarau yake hakuigeuza.

Jua lilikuwa linazama alipofika kwenye baraza. Mimi nilikuwa na sare za shule za kupiga pasi kwa ajili ya Jumatatu, kofia kichwani kuficha kazi ya kinyozi. Nilimwona anakuja na nikafungua mdomo, maana maneno yalikuwa yamenijaa tangu mchana. Akainua kidole.

"Usiniambie kitu, jirani. Hata kama umeniona. Nataka nisikie kwake kwanza."

Nikarudi kwenye pasi. Nilimwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Akakaa kwenye kiti chake, akaiweka simu juu ya cherehani, akalinyoosha gauni magotini. Yeye hakuwa na desturi ya kupiga, aliogopa kumkuta binti kazini, kwa hiyo siku zote alingoja. Kinyozi alipita akafunua meno kutaka kumtania, nikamkazia macho, akaingia kwake. Bitana alikuwa anatabasamu peke yake. Nilipiga pasi shati moja mara mbili.

Simu ikaita, naye akaiacha iite kidogo, kama msichana, kisha akabonyeza.

"Mama! Tumekuona!" binti alisema, kabla hata ya salamu.

Bitana alifunga macho. "Mmeniona?"

"Tumekuona vizuri kabisa. Ile njano yako imekutoa, mama. Nikamwambia mume wangu, huyo pale, gauni la njano, ndiye mama."

Nilikuwa nimeshika pasi hewani. Nikaiweka kwenye kisahani chake polepole ili isigonge. Bitana alifungua macho, akatazama mkono wake uliokuwa juu ya cherehani, na zambarau iliyoufunika mpaka kwenye kiganja. Binti alikuwa anaendelea kuongea, kwamba wamefurahi, kwamba rafiki zake hawakuamini.

"Na mtoto?" Bitana aliuliza. "Mtoto aliniona?"

"Yeye ndiye aliyekuona wa kwanza, mama. Akapiga makofi, anasema bibi, bibi."

Sauti ya binti ilikuwa nzuri. Nataka niwe mkweli hapo, ingawa nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutaka kuinyang'anya ile simu. Haikuwa sauti ya dharau. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, aliyetoka zamu, aliyekumbuka dakika za mwisho kwamba mama yake ametamani kitu, akakiokota kilicho karibu akampa. Labda alikuwa anamwogesha mama wa mtu mwingine saa ile ile mama yake anapunga. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini yeye alitaka la kwake liwepo, akalishona kwa haraka na kuacha nyuzi ndani.

"Ahsante, mwanangu," Bitana alisema. Sauti yake haikutetemeka, alijikaza kisabuni. "Basi mwambie kwamba bibi alipunga mpaka mabega yakauma."

"Tuliona, mama, ulivyokuwa unapunga."

"Eeh."

"Si nilikwambia tutakuona?"

"Ulinambia."

Kutoka nyuma mtu akamwita binti. Akasema atapiga Jumapili ijayo, mama ale vizuri, apumzike. Bitana akasema naye apumzike. Simu ikanyamaza, akaigeuza kifudifudi juu ya cherehani.

Barabara ilikuwa na watu wachache wanaorudi kutoka uwanjani, bado na kofia zao za njano, wakiimba jina la bingwa ambaye nadhani alishinda. Hatukuwauliza. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa, nimekitunza tangu mchana, na sasa kilionekana kidogo. Lakini niliona ni vibaya zaidi kukaa nacho.

"Mimi nilikuona," nikamwambia. "Ulivaa zambarau. Ulikuwa kwenye ngazi, chini ya nguzo, unapunga kama unavyokung'uta kitambaa. Uso wako ulijaa televisheni nzima."

Aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza jioni ile macho yake yalikuwa na maji. Alitikisa kichwa kukubali. Alitoa sindano kwenye kilemba, akaanza kufumua mishono ya mifuko ubavuni, mmoja kisha mwingine, bila haraka, akiziweka nyuzi kwenye kopo lake la nyuzi kama kawaida.

"Najua ulinitazama," akasema. "Wewe ungenitazama tu." Alifumua uzi wa mwisho. "Lakini sikuwa nakupungia wewe, jirani."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyomtajia mteja kipimo cha kiuno chake, ni hicho, hakuna wa kulaumiwa. Nikamwambia najua. Nikarudi kwenye sare za watoto wa watu, pasi ikiwa bado ina moto, na yeye akabaki kitini na mifuko yake imetoka nje, akiitazama barabara, mpaka kinyozi alipofunga mlango na taa ya baraza ikabaki moja.